Unaishi Wapi, Tangu Lini? Kuasili Mtoto Kati ya Nchi Mbili

Mhadhara kwa wakazi wa Kihesa, Manispaa ya Iringa



Mliponiita mlisema nije nizungumzie kuasili watoto. Sheria hiyo ni pana na jioni ni fupi. Nimechagua upande mmoja unaowachanganya watu wa hapa kuliko mwingine wowote: mtoto yuko Iringa, anayetaka kumfanya mwanawe kisheria ana pasipoti ya nchi nyingine au anaishi nchi nyingine, na kila ofisi anayobisha hodi inamuuliza yaleyale. Unaishi wapi? Tangu lini? Kwa kibali gani?

Maswali hayo yanatugusa sisi wa Nyanda za Juu Kusini kwa sababu mbili. Ya kwanza mnaijua. Utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa mwaka 2016–17 ulikuta maambukizi ya asilimia 11.4 kwa watu wazima wa Njombe na 11.3 kwa wa Iringa, zaidi ya mara mbili ya wastani wa nchi. Nyuma ya asilimia hizo wapo watoto waliobaki kwa bibi, na wengine waliokosa hata bibi. Ya pili ni kwamba mkoa huu haujawahi kukosa wageni wanaokaa. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia wako Tosamaganga tangu ilipomalizika Vita Kuu ya Kwanza. Dayosisi ya Iringa ya KKKT ina undugu wa miaka mingi na Walutheri wa Minnesota. Na watoto wetu wenyewe wametoka: wapo wauguzi Uingereza, wapo waendesha malori Marekani, wanaotuma ada na simenti, na siku moja wanapiga simu kusema, "Yule mtoto wa marehemu kaka nataka nimchukue awe wangu."

Niliweke jambo moja sawa kabla sijaenda mbali. Kumlea mtoto wa ndugu yako hakuhitaji jaji. Bibi wa hapa Kihesa mwenye wajukuu watano hana karatasi ya mahakama, na hakuna anayemdai. Kuasili ni kitu kingine. Amri ya Mahakama Kuu inakata haki na wajibu wa waliomzaa mtoto na kuvihamishia kwa mtu mwingine, na mtoto anaandikwa katika rejesta ya watoto walioasiliwa inayotunzwa na Msajili Mkuu, yaani RITA. Haitenguki kwa sababu familia zimekorofishana Krismasi.

Kwa Tanzania Bara mambo haya yanaongozwa na Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Zanzibar ina sheria yake ya mwaka 2011, kwa hiyo mwenye mtoto Unguja asibebe maneno yangu ya leo akavuka nayo bahari. Maombi yanapelekwa Mahakama Kuu, na hapo tumepata nafuu: Iringa ina kanda yake, Mbeya ina yake, hakuna haja ya kulala Dar es Salaam. Kwa kawaida mwombaji awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Afisa ustawi wa jamii anachunguza nyumba, mtoto anaishi na mwombaji miezi kadhaa katika malezi ya kambo chini ya macho ya afisa huyo, kisha ripoti inaandikwa na jaji anaisoma.

Asiye raia anaongezewa mzigo. Kwanza ithibitike kwamba mtoto huyu hakupata familia ya kambo wala ya kumwasili humu nchini, wala namna nyingine ifaayo ya kutunzwa hapa. Mwombaji awe ameishi Tanzania angalau miaka mitatu mfululizo. Asiwe na rekodi ya uhalifu kwao wala kwingine. Alete pendekezo la mamlaka ya ustawi ya nchi yake. Na airidhishe mahakama kwamba nchi yake itaiheshimu na kuitambua amri itakayotolewa hapa.

Ni sharti la miaka mitatu linalowatoa watu machozi. Kijana wa Kiitaliano au wa Kijerumani anakuja kujitolea kwa mkataba wa mwaka mmoja au miwili, anamzoea mtoto fulani katika makao ya watoto, mtoto naye anamzoea. Mkataba unakwisha. Anauliza kama ile miaka miwili haiwezi kutosha, maana mapenzi yapo na kila mtu anayaona. Namwambia hapana, na nikishamwambia hivyo watu wananiona sina moyo.

Nawaomba twende Malawi, si mbali. Kutoka Mbeya ni kuteremka Tukuyu na Kyela na kuvuka Mto Songwe pale Kasumulu. Mwaka 2006 mwimbaji Madonna alimchukua David Banda, mtoto aliyekuwa katika makao huko Mchinji. Sheria ya Malawi ya kuasili watoto ilikuwa ya mwaka 1949, ya wakoloni, na ilitaka anayeasili awe mkaazi wa Malawi. Haikusema mkaazi maana yake ni mtu wa siku ngapi. Mahakama ikatoa amri ya muda, mtoto akasafirishwa London, na amri ya mwisho ikatoka mwaka 2008. Katikati ya hapo baba mzazi, aliyekuwa hai, alinukuliwa na waandishi akisema hakuelewa kwamba alikuwa anamtoa mwanawe moja kwa moja. Baadaye alisema hataki kuvunja mpango ule. Lakini neno lilishatoka, na yeyote aliyewahi kukaa na familia zetu vijijini analielewa: mzee alidhani mtoto anakwenda kusomeshwa.

Mwaka 2009 Madonna akarudi kwa mtoto wa pili, Mercy. Tarehe 3 Aprili jaji Esme Chombo wa Mahakama Kuu pale Lilongwe alikataa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mwombaji ameingia nchini siku chache tu zilizopita, huyu si mkaazi, na mahakama ikifungua mlango huu haijui nani mwingine atapita. Tarehe 12 Juni mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Rufaa ikapindua uamuzi. Ilisema mtu anaweza kuwa na makazi mahali zaidi ya pamoja, na kwamba mwombaji huyu, mwenye miradi ya watoto nchini, hakuwa mpita njia.

Mimi nasimama na jaji Chombo. Simsemi vibaya Madonna, wala siwasemi watoto wale waliokua. Nasema sheria isiyotaja idadi ya miaka inamwachia jaji kupima uzito wa mtu, na mtu mwenye fedha na mawakili siku zote atapimwa mzito. Sheria yetu imetaja. Miaka mitatu ya tajiri wa London na miaka mitatu ya muuguzi wa kujitolea pale Tosamaganga ni sawasawa. Na ndani ya miaka hiyo majirani wanakujua: kama unalewa, kama mwenzi wako amekuacha, kama unamfokea dada wa kazi. Afisa ustawi anapokuja kuuliza mtaani anapata majibu. Mtu wa wiki mbili hana jirani wa kuulizwa.

Hata hivyo tusijisifu kwa urefu wa miaka. Uganda walikuwa na miaka mitatu kama yetu, na juu yake wakataka mtoto alelewe na mwombaji miezi 36 kabla ya amri. Kwenye karatasi hakuna aliyekuwa mkali kuliko wao. Kilichotokea ni kwamba mawakili waliacha maombi ya kuasili wakaenda Mahakama Kuu kuomba ulezi wa kisheria tu, ambao haukuwa na sharti la ukaazi. Mgeni alipewa ulezi kwa haraka, akapanda ndege na mtoto, akamwasili huko kwao. Watoto wengi waliotoka hivyo walikuwa na wazazi hai. Bunge la Uganda lilibadili sheria mwaka 2016: likapunguza ukaazi kuwa mwaka mmoja na malezi kuwa mwaka mmoja, na ulezi wa kisheria likauachia raia wa Uganda peke yao. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, wakili mmoja na mume wake, kwa tuhuma za mtandao uliowatoa watoto vijijini kwa rushwa na nyaraka za uongo. Funzo la Kampala kwetu ni la kiofisi: ukiweka kufuli zito mlango wa mbele, kague na dirisha la jikoni. Hapa kwetu dirisha hilo ni barua za ulezi, viapo vya "mimi ni mjomba wake", na safari za "likizo" au "matibabu" ambazo mtoto harudi.

Sasa nije kwa kundi linalonigongea mlango kuliko Wazungu wote wakijumlishwa: ndugu zetu wa ughaibuni.

Chukulieni shangazi aliyetoka hapa miaka ishirini iliyopita, yuko Houston, kaka yake amefariki na mke wa kaka pia. Amebaki binti wa miaka kumi na mitatu anayelelewa na bibi. Shangazi alishaapa uraia wa Marekani, na kwa kuwa Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, siku ile aliyoapa aliacha kuwa Mtanzania. Mbele ya Sheria ya Mtoto huyu ni asiye raia. Anaongea Kihehe kuliko mimi, amezaliwa hospitali ileile aliyozaliwa mtoto, na bado anadaiwa miaka mitatu mfululizo ya kuishi Tanzania sawa na mtalii aliyeshuka jana uwanja wa ndege wa Nduli. Mwenzake aliyebaki na pasipoti yetu ya Tanzania, hata kama wanaishi mtaa mmoja kule Houston, hadaiwi miaka hiyo. Bado atapaswa kuchunguzwa na ustawi na kuishi na mtoto, na hilo halifanyiki kwa simu ya video.

Hapa nailaumu sheria waziwazi. Inapotaja umri wa mwombaji, sheria hiyohiyo inamlegezea aliye ndugu wa mtoto. Inajua basi kwamba damu ina maana. Ilipofika kwenye ukaazi ikasahau. Damu peke yake haitoshi kumwamini mtu, najua, tumeona mashangazi waliogeuza mabinti wa kaka zao kuwa wafanyakazi wa ndani Dar na Muscat. Lakini majirani wa shangazi huyu tunao, historia yake tunaijua, na familia nzima inaweza kuhojiwa Jumamosi moja hapahapa Kihesa. Mwaka mmoja ungetosha.

Na huyo shangazi asidhani akimaliza kwetu amemaliza. Marekani nayo ina maswali yake. Raia wa Marekani anaweza kumwombea mtoto visa kwa njia ya yatima, lakini yatima wao ana tafsiri yake: hana wazazi, au amebakiwa na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza na aliyemwachia kwa maandishi yasiyorudi nyuma. Mtoto mwenye baba na mama hai waliofukarika hawezi kupita njia hiyo, hata jaji wetu akishatoa amri. Inabaki njia ya pili: amwasili kabla hajatimiza miaka 16, na awe ameishi naye na kuwa na mamlaka halali juu yake kwa miaka miwili. Mwenye kadi ya kijani ambaye hajawa raia hana njia ya yatima kabisa. Kwake ni hiyo ya pili tu. Sasa pigeni hesabu ya binti wetu wa miaka kumi na mitatu. Tuseme angekuwa bado ana mzazi mmoja asiyefika kwenye tafsiri ile: shangazi akirudi leo kukaa miaka mitatu, binti atakuwa anagonga kumi na sita mahakama ikiwa haijapanga hata tarehe.

Uingereza wanauliza kitu tofauti kabisa. Wao hawajali sana pasipoti yako. Wanaangalia makazi yako ya kawaida. Ukiwa unaishi Uingereza, hata kama ni Mtanzania mwenye pasipoti safi, ukamwasili mtoto Iringa halafu ndani ya mwaka ukaingia naye kule bila kwanza kupimwa na kuidhinishwa na mamlaka za kwao, umefanya kosa la jinai chini ya sheria yao ya mwaka 2002. Muuguzi mmoja aliwahi kunijia na tiketi mbili mkononi, yake na ya mtoto wa dada yake. Nilimsihi asiende. Alikasirika, akaenda kutafuta ushauri kwa mwingine, na mwingine akamwambia maneno yaleyale.

Kwa Waitaliano hali ni ya ajabu kidogo, tena ni nzuri. Sheria yao ya mwaka 1983 inatambua amri ya kuasili iliyotolewa ugenini kwa Waitaliano waliokuwa wakiishi katika nchi hiyo mfululizo kwa angalau miaka miwili. Kwa hiyo aliyevumilia miaka yetu mitatu ameshawaridhisha na kwao kwa upande huo. Ujerumani wameelekea kwingine: tangu mwaka 2021 aliye na makazi Ujerumani hawezi kwenda kujiasilia mtoto nje peke yake bila kupitia wakala aliyeidhinishwa.

Mtaniuliza kwa nini hakuna utaratibu mmoja wa dunia. Upo. Ni Mkataba wa The Hague wa mwaka 1993, ambao unazifanya mamlaka za nchi mbili ziandikiane zenyewe kabla mzazi na mtoto hawajakutanishwa. Kenya, Rwanda, Burundi na Zambia wameingia. Tanzania haimo. Ndiyo maana jaji wetu anamtaka mwombaji mwenyewe alete ushahidi kwamba kwao amri itatambuliwa: hakuna mkataba wa kumjibia. Kuingia nako si dawa ya kila kitu, maana Kenya wamo tangu 2007 na bado mwaka 2014 walisimamisha uasili wa wageni kwa hofu ya biashara ya watoto.

Na upo mlango wa tatu ambao watu huusahau, wa kutoka nje. Septemba 2013 Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni. Mamia ya watoto waliokuwa na amri halali za mahakama, na wazazi wapya wakiwasubiri Ulaya na Marekani, walibaki Kinshasa na kwingineko hadi mwaka 2016. Mtoto alikuwa na jina jipya na baba mpya, na hana ruhusa ya kupanda ndege. Kwa hiyo ushauri wangu kwa yeyote huanzia mwisho: kaulize kwanza ubalozi wa nchi utakayoishi na mtoto wanataka nini, ndipo uje ustawi, ndipo uende kwa wakili. Wengi huanza na wakili, kwa kuwa wakili ndiye anayejibu simu.

Tuje kwenye karatasi, mahali ambapo majalada mengi hulala. Nimewahi kushika jalada la mtoto mmoja lenye majina matatu. Kadi ya kliniki ilisema Neema na jina la mama. Cheti cha ubatizo kilisema Maria na jina la babu. Rejesta ya shule ilisema Neema na jina la baba mdogo aliyempeleka kuandikishwa, kwa sababu mwalimu alitaka jina la mtu aliyesimama mbele yake. Kwetu huyo ni mtoto mmoja, mtaa mzima unamjua. Kwa afisa wa visa ni watoto watatu, na wawili kati yao hawapo. Viapo viliandikwa, mwenyekiti wa mtaa akaitwa, paroko akaitwa.

Cheti cha kuzaliwa kimepungua ugumu kwa watoto wadogo. Mpango wa kuwaandikisha walio chini ya miaka mitano karibu na makwao ulianzia Mbeya mwaka 2013, kisha ukafika Iringa na Njombe. Kinachobaki kigumu ni vyeti vya vifo. Baba alifariki Kilolo, akazikwa kesho yake, watu wakarudi shambani. Nani alikwenda kwa Mkuu wa Wilaya kuandikisha kifo? Bila cheti hicho, kwenye karatasi baba yu hai na ridhaa yake inatakiwa. Nawaomba sana mama zangu mnaolea wajukuu: hata kama hakuna anayewaza kuasili, andikisheni vifo vya wazazi wa watoto hao, kwa sababu mashahidi wa mazishi wanazeeka.

Juu ya fedha nitakuwa mfupi. Wakili analipwa na mahakama ina ada zake, na vyote vina risiti. Mzazi halipwi, mkuu wa makao halipwi, mjumbe halipwi. Ukiona bahasha, mpango huo umeshakuwa kitu kingine chenye sheria nyingine na kifungo.

Niliulizwa maswali kadhaa kabla hatujafunga, na mawili nayaweka hapa yachapwe.

Mama mmoja aliuliza kama shangazi wa ughaibuni aliyeshindwa masharti yote hana la kufanya. Analo. Amwache mtoto na bibi, alipe ada, aje kila anapoweza, na familia ikae na afisa ustawi iweke wazi nani mlezi anayesaini shuleni na hospitalini. Binti atafika chuo bila kubadili jina. Wapo waliopita hivyo na leo wako kule Marekani kwa visa zao wenyewe za masomo.

Kijana mmoja alisema mwalimu wake ni Mkenya, anaishi Mbeya na mkewe, na kwa kuwa sote ni Afrika Mashariki bila shaka sharti la miaka mitatu halimhusu. Linamhusu. Jumuiya imemrahisishia kuingia na kufanya kazi, haijamfanya Mtanzania, na sheria inasema asiye raia bila kutaja Mkenya wala Mswidi. Ila yeye ana faida moja kubwa: ameshaanza kuishi hapa. Atunze kibali chake cha ukaazi kisikatike hata wiki, atunze mikataba ya pango ya kila mwaka, atunze na pasipoti ya zamani itakapojaa, kwa sababu jaji akisoma neno mfululizo atataka kuona mihuri ya Namanga, ametoka lini na amerudi lini.